Maharagwe Chini ya Pasi

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Wanaonifahamu watacheka hapo, na wacheke tu. Lakini jiko langu na jiko la Mama Pindo yanagawana ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba mwenzangu akiwasha kiberiti mimi ndiye ninayegeuka kutafuta moto uko wapi. Kwa hiyo ya kwake nayajua, ya kwangu anayajua, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekwenda kulalamika kwa mwenye nyumba.

Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimletea suruali uliyonunua dukani, kabla hujaeleza shida yako yeye ameshaigeuza ndani nje, amelitazama pindo, na ameanza kumsema vibaya mtu aliyelishona, mtu ambaye hajawahi kumwona na yuko mbali huko kiwandani. Kila kitu alikigeuza ndani nje: magauni, mashuka, hata glavu nilizozawadiwa na dada yangu. Alisema nguo ni kama binadamu, uso unadanganya, mgongo unasema kweli.

Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na kwenye droo ya cherehani ulikaa mkasi. Mkasi mkubwa, mweusi, mzito. Huo ulikuwa wa nguo, na wa nguo tu. Binti yake, alipokuwa darasa la tatu, aliwahi kuuchukua akakatia karatasi ya kujalidia daftari. Alichapwa vidole, na mpaka leo ni mtu mzima mwenye watoto lakini akipita karibu na droo ile mikono anaiweka nyuma. Mimi mwenyewe siku moja niliuomba nikatie mdomo wa gunia la mchele. Mama Pindo alinitazama kama mtu aliyekuja kumwazima mume. Nililifungua gunia kwa meno.

Siku aliyoanguka ni mimi niliyesikia kishindo. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea, akili iko sawa, ulimi uleule, ila mkono wa kulia ulibaki umelala. Madaktari walisema unaweza kuamka na unaweza usiamke, wakampa mpira wa kuminya. Aliuminya kila asubuhi hadi mpira ukachoka kabla ya mkono.

Halafu ukaja moto. Haukuwa mkubwa, tuwe wakweli. Alikuwa anachemsha chai, kitambaa cha kushikia sufuria amekining'iniza kwenye ule mkono uliolala, kitambaa kikashika moto na mkono haukumwambia kitu. Mimi ndiye niliyesikia harufu nikaja na ndoo. Kiliungua kitambaa, likaungua baka la rangi ukutani, na juu ya kifundo cha mkono likatoka lengelenge ambalo yeye mwenyewe alilijua kwa kuliona.

Binti yake alifika jioni hiyohiyo. Ni mfamasia, mtu wa kupima kila kitu kabla ya kusema. Hakugomba. Alilitazama lengelenge, akalifunga vizuri, kisha akaenda jikoni, akafungua kile kichwa cha mtungi wa gesi, ambacho bila hicho moto hauwaki, akakizungushia gazeti na kukitia kwenye mkoba wake. Kuanzia siku hiyo mtungi ulisimama pale bila kichwa, na chakula cha Mama Pindo kikawa kinaletwa kwenye vyombo vya kufunika, kizuri, cha moto kiasi, na cha mtu mwingine.

Ukumbuke kwamba huyu binti hakuwa mbaya. Nasema hivyo kwa sababu wakati ule nilimwona mbaya. Nyumbani kwake alikuwa amepaka rangi chumba, amenunua kitanda na taa ndogo ya pembeni, na alitaka mama yake ahamie kabla mwezi haujaisha. Mama Pindo alikataa. Binti akarudia. Mama akakataa tena, safari hii kwa sauti ambayo niliisikia bila hata kusogeza kiti karibu na ukuta.

"Mama, kidole kimoja hakivunji chawa," binti alisema.

"Sina chawa, mwanangu. Nina njaa ya chakula changu."

Wakabishana mpaka wakafika mahali pa kupatana. Binti alisema mtu asiyeweza kujipikia hawezi kuishi peke yake. Mama akasema basi njoo Jumapili ya mwisho wa mwezi, uje na mume wako, uje na hicho kichwa cha mtungi, nitawapikia. Nikishindwa nitafunga mizigo mwenyewe, kwa mkono huuhuu mmoja, na hutanisikia nikilalamika. Nikiweza, unaniacha kwangu. Binti alifikiri, akakubali, na akachagua chakula. Yeye na mume wake wangekuja na kuku wa kuoka, mama atengeneze cha kuliwa pamoja na kuku: maharagwe machanga, yale ya kijani yanayoliwa pamoja na ganda, yaliyokaangwa na bekoni, ile nyama ya nguruwe ya vipande vyembamba, na majani ya thaimu yenye harufu. Ndicho alichopikiwa utotoni kila siku yake ya kuzaliwa. Kama alikichagua kwa sababu kinataka mikono miwili au kwa sababu alikuwa amekikosa, sikumwuliza, na nadhani hata yeye asingeweza kunijibu.

Kulikuwa na sharti moja, nami nilihusishwa. Binti alinigongea mlango, akaniambia kwa heshima zake zote kwamba mama mdogo, najua unampenda, lakini mkono wako usiguse kitu. Nikaapa.

Sasa utajifunzaje kupika bila gesi? Nilifungua kichwa cha mtungi wangu nikakihamishia kwake. Kufunga gesi si kupika, ndivyo nilivyoiambia dhamiri yangu. Matokeo yake ni kwamba wiki zile mimi nilikula mkate mkavu na kunywa chai iliyolala, huku nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake nikimwangalia mwenzangu akipigana na mboga.

Na ilikuwa vita. Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha, lakini hawakusema kwamba haragwe changa lina ncha mbili na zote mbili lazima zikatwe. Mwenye mikono miwili anashika hapa, anakata pale, anaongea na jirani, hajui hata kama anafanya kazi. Mama Pindo aliweka haragwe kwenye ubao, akashusha kisu, haragwe likaruka mpaka chini ya kabati. Lingine likazunguka. Lingine alilikata katikati. Kufikia mchana sakafu ilikuwa na maharagwe mengi kuliko bakuli, na mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu ili isije ikavunja kiapo.

 Aliyatazama maharagwe kwa muda, jinsi alivyokuwa akitazama kitambaa kabla ya kukipima.

"Haya hayana tofauti na hariri," akasema. "Yanateleza. Na kitambaa kinachoteleza hukishiki, unakilalia na uzito."

Akaenda sebuleni, akarudi na pasi. Si ya umeme. Ile ya zamani ya chuma aliyorithi kwa shangazi yake, ambayo ukiangushiwa mguuni utataja ukoo wote. Akaipangusa. Akayapanga maharagwe kwenye ubao, yamelala sambamba, ncha zote zimechungulia upande mmoja, akaishusha pasi juu yake. Kisha akapitisha kisu kando ya pasi, na ncha zikaanguka kwa pamoja. Akageuza ubao, akafanya upande wa pili. Nilicheka hadi nikakohoa, nikamwuliza kama maharagwe atayapiga pasi na mikunjo au bila mikunjo. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshapanga mengine.

Baada ya hapo shida zikawa zinakuja moja moja naye anazipokea. Kitunguu saumu alikiponda kwa pasi ileile. Thaimu alikishika kikonyo chake kwa meno, akavuta kwa vidole vya kushoto, majani yakadondoka kwenye kikombe. Kumwaga maji ya moto kulimshinda: siku ya kwanza sufuria ilipinduka, maji yakamwagika sakafuni, nusura yampate miguu. Nilipiga kelele. Yeye aliegemea meza, uso umebadilika rangi, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Ya kwetu yalizoleka kwa dekio langu, na wakati nazoa nilimwambia basi, inatosha, chumba kile kina taa ya pembeni.  Kesho yake nilimkuta amemwaga vifungo vyake vyote kwenye bakuli, na mfuko wa vifungo, ule mweupe wa kitambaa cha pamba wenye kamba mdomoni, ameufua na kuuanika. Maharagwe aliyatia ndani ya mfuko, akavuta kamba, akautumbukiza kwenye maji yanayochemka, na yalipoiva akaunyanyua mfuko kwa mwiko na kuupeleka kwenye beseni la maji baridi. Sufuria yenyewe ikabaki palepale mpaka ikapoa.

Kitu kimoja tu hatukukifanyia mazoezi, nacho ni bekoni. Tulinunua pakiti moja, Jumamosi. Mama Pindo alisema nyama ni nyama, kisu kitaijua.

Jumapili walikuja, nami nilikuwa nimeshakirudisha kichwa cha mtungi wangu kwangu. Mkwe wake, fundi wa majokofu, mtu mpole anayezungumza kwa mapumziko marefu, alibeba kuku kwenye sinia. Binti alifunga kichwa cha mtungi, akajaribu moto, akauzima. Akanitazama mimi, akaitazama mikono yangu, kisha akatoka na kuufunga mlango wa jikoni. Kupitia dirisha niliiona gari yao pale chini. Kiti cha nyuma kilijaa maboksi matupu yaliyokunjwa.

Maharagwe yalikwenda vizuri. Pasi ilifanya kazi yake, mfuko ukafanya yake. Kisha akatandaza bekoni kwenye ubao, akashusha kisu, na bekoni ikakifuata kisu. Ina mafuta, ni laini, haina mfupa wa kuishikilia. Akajaribu pasi, pasi ikaikamata, lakini kisu kikavuta, ikanyooka kama mpira na haikukatika. Akaichoma kwa pini kwenye ubao, ikachanika vibaya, kipande kikamganda kidoleni. Nyuma ya mlango nilimsikia binti akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayesubiri. Jasho lilikuwa linamtoka Mama Pindo kwenye paji la uso na hakuwa na mkono wa kulipangusia, kwa sababu ule mzima ulikuwa umejaa mafuta. Nilitaka kusimama. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kuikata ile bekoni.

Aliweka kisu chini. Akanawa. Akafungua mlango, akapita mbele ya binti na mkwe, akaenda kwenye cherehani, akavuta droo na kurudi. Mkono ameuficha kwenye mikunjo ya sketi. Alipofunga mlango ndipo nikaona ameshika nini.

"Dada," nikasema, "huo ni mkasi wa nguo."

"Naujua."

Mkasi wa mkono wa kulia ukiushika kwa kushoto haukati, unatafuna. Nilidhani hilo litamshinda pia. Lakini nilimwona anakivuta kidole gumba kwa ndani badala ya kukisukuma nje, makali yakabanana, na kipande cha bekoni kikaanguka ndani ya kikaango, safi. Na kingine. Alikuwa anajua. Mtu hajui jambo kama hilo ghafla siku ya Jumapili. Nikamwuliza amejifunza lini.

"Kwenye vitambaa," alisema bila kuinua uso. "Tangu nitoke hospitali, kila siku ulipokwenda sokoni. Unakata. Lakini mstari haushiki, unapinda tu. Nimejaribu hadi nimemaliza vipande vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba."

Akakata tena.

"Bekoni haihitaji mstari," akasema.

Niliumia, na sitaki kulipamba hilo. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka kwenye ile skrubu ya katikati ambayo mimi nilimwona akiipaka mafuta ya cherehani kwa unyoya, kila Jumamosi, kwa miaka. Ukishaukatia nyama mkasi ule, huurudishi kwenye nguo. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo.

Akaanzisha moto mdogo chini ya kikaango kilichokuwa baridi, bekoni ikiwa tayari ndani, ili mafuta yatoke polepole na nyama isikakamae. Iliponyamaza kidogo na kuanza kuwa na rangi, akatia kitunguu saumu, akahesabu pumzi, akatia thaimu, kisha maharagwe yote kwa mpigo. Sufuria na vikaango vyote vilikuwa vimegeuziwa mishikio kushoto. Mkono uliolala ulikuwa umefungwa kiunoni kwa mshipi wa koti, usije ukaenda mahali bila ruhusa. Alinyunyizia pilipili manga juu, akatumbukiza mkasi kwenye kikombe chenye majani ya pasli akayakatakata humohumo, akamalizia na tone la limau. Harufu ilipita chini ya mlango na nikamsikia mkwe akisogeza kiti.

Tukala. Maharagwe yalikuwa ya kijani kweli, yanavunjika chini ya jino, bekoni imeshika kila moja.  Binti alikuwa anakula kwa uangalifu, anachambua kila kitu, lakini niliona uma unarudi haraka kwenye sahani kuliko alivyokusudia. Nilianza kupumua.

Ndipo mkwe akaacha kutafuna. Alipeleka vidole mdomoni kwa adabu, akatoa kitu, akakiweka ukingoni mwa sahani yake. Kilikuwa kifungo cha kahawia, cha matundu manne.

Sote tulikitazama. Mama Pindo, ambaye maisha yake yote aligeuza kila kitu ndani nje, mfuko wa vifungo hakuugeuza.

Binti aliweka uma chini. "Hiki ndicho ninachokiogopa, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya ushindi. "Leo ni kifungo. Kesho itakuwa pini, au moto tena, na mama mdogo atakuwa sokoni."

Alikuwa amesema kweli. Aliinuka akaingia jikoni, akisema anakwenda kuangalia hiki chakula kimepikwaje. Tulimsikia akitembea. Akasimama. Mkwe akawa anakigeuzageuza kile kifungo kwa ncha ya kidole. Mama Pindo aliutazama mlango. Uso wake ulikuwa mgumu.

Binti alirudi ameshika mkasi. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili, mbali kidogo na nguo zake. Makali yalikuwa na mafuta meupe yaliyoanza kuganda na vipande vya pasli.

"Mama," akasema. "Umekatia bekoni."

"Nimekatia."

"Huu?"

"Kushona sitashona tena, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Hilo nimeshalikubali. Lakini kula nitakula kila siku, na nataka nile kwangu."

Binti alibaki amesimama. Alivitazama vidole vyake juu ya mkasi ule, vidole vilevile vilivyochapwa, na macho yakamjaa machozi.  Alirudi jikoni, tukasikia bomba likifunguka, na likakaa wazi kwa muda. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu na imelowa. Akaketi, akavuta sahani yake, akala maharagwe yote yaliyobaki mpaka mafuta ya chini akayapangusia kipande cha mkate.

"Ule mfuko," akasema mwishowe, "uwe unaugeuza ndani nje kwanza."

"Nitaugeuza," alisema mama yake.

Mkwe akanyoosha sahani kuomba nyongeza. Mama Pindo alimpakulia, kisha akamwomba kifungo chake, akakipangusa kwa kitambaa cha meza na kukitia mfukoni.

Waliondoka jua lingali juu. Nilisimama dirishani nikaona gari inageuka na maboksi yake, yamekunjwa vilevile kama yalivyokuja. Nyuma yangu Mama Pindo hakwenda dirishani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, nami nikamfuata, kwa sababu nilijua anakwenda kutazama nini.

Kichwa kilikuwa juu ya mtungi. Kando yake, kwenye msumari tunaotundikia mwiko, ulining'inia mkasi mweusi, umeoshwa, umekaushwa, skrubu yake imepakwa tone la mafuta ya kupikia.

Nilimwuliza kama niurudishe kwenye droo. Aliutazama kidogo. Kisha akafungua gesi kwa mkono wa kushoto, akawasha, akaweka birika.

"Uache hapo," akasema. "Kesho nina vitunguu vya majani vya kukata."